Neno Lililotaka Kuninyima Shule

Juzi hapa Lodwar nilicheka mahali pasipochekwa. Ulikuwa mkutano wa ofisi, na mimi nilikuwa mkalimani, kazi inayonilisha siku hizi. Afisa aliyetoka Nairobi, shati limeshamganda mgongoni kwa joto, alisimama mbele ya kina mama wanaotoa huduma ya afya vijijini, akawaambia kwa Kiingereza kwamba wameitwa kwa ajili ya "refresher". Wote wakanigeukia mimi wapewe maana. Nikafungua mdomo, na badala ya maana kikatoka kicheko. Mwenyekiti alinitazama kama aliyeona mbuzi akipanda madhabahuni. Niliomba radhi, nikawaambia kina mama kwamba wameitwa wajikumbushe waliyojifunza, na mkutano ukaendelea.

Wale sikuwaeleza kilichonichekesha, kwa sababu kingechukua asubuhi nzima na chai ilikuwa inapoa. Wewe nitakueleza. Neno hilo hilo, "refresh", lilikaribia kunitoa shuleni nikiwa darasa la sita, na aliyelitafsiri vibaya ni mkalimani huyu huyu unayemsikiliza.

Nililelewa na nyanya yangu, mama yake baba, pembeni mwa mji wa Kakuma, upande wa laga. Kama hujafika kwetu, laga ni mto usio na maji. Ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, wa kuunguza nyayo kuanzia saa nne, na siku mvua ikinyesha milimani ng'ambo huko unasikia ngurumo, halafu maji mekundu yanakuja yamebeba magogo na kondoo wa watu. Siku mbili tatu baadaye mchanga umerudi pale pale. Maji hayajaenda mbali, yamezama tu. Ukichimba, unayapata.

Nyanya alikuwa na kisima chake humo lagani. Nasema chake kwa sababu kwetu aliyechimba ndiye mwenyewe, na mwingine akitaka kuchota anaomba. Kilikuwa shimo lenye kina cha watu wazima wawili, lililozungushiwa matawi ya miiba ili punda wasijipeleke wenyewe, na lenye vijukwaa vilivyochongwa kwenye udongo, mtu mmoja chini kabisa na mwingine katikati. Wa chini anachota kwa kibakuli, anampandishia wa katikati, wa katikati anampa aliye juu, wa juu anamwaga kwenye gogo lililochongwa ambamo mbuzi wanakunywa. Kazi ikishika kasi kuna wimbo wake, na kila familia ilikuwa na wimbo wake. Mbuzi wetu waliujua wetu. Waliposikia sauti ya nyanya walikuwa wanashuka kingo za laga wakikimbia, na wale wa jirani wanabaki wamesimama.

Sasa kuna jambo nataka ulishike. Asubuhi tukifika hatukuwa tunaanza na mbuzi. Maji yaliyokaa shimoni usiku kucha nyanya aliyaita maji yaliyolala. Yalikuwa na ladha ya chumvichumvi na harufu ya majani, na juu yake kumeelea mende wawili watatu na vinyesi vya mbuzi vilivyodondoka jana. Yale tuliyatoa yote tukawapa punda, ambao hawachagui. Kisha tunakaa. Shimo linabaki tupu, na sisi tunangoja. Polepole unaona ukuta wa mchanga unatoa jasho, halafu chini panaanza kukusanyika maji mengine, safi, baridi ya kuumiza meno, matamu. Hayo ndiyo yalikuwa ya watu na mbuzi. Kungoja kule kulinichosha kuliko kuchota. Nilikuwa natafuna tunda la mkoma, gumu kama kigogo lakini lina utamu wa tangawizi kwa mbali, na kuhesabu ndege. Nyanya alikuwa anaweka tumbaku mdomoni na kutazama shimo bila kupepesa.

Nilisoma shule ya kambini, kwani ndiyo iliyokuwa karibu. Darasa letu lilikuwa na Waturkana wachache na watoto wa kila nchi iliyowahi kuingia vitani karibu nasi. Wakati wa mapumziko ungesikia Kiarabu cha Juba huku, Kisomali kule, Kifaransa cha Warundi wakigombania mpira, na Kiswahili cha namna tano au sita, kila mtu akidhani chake ndicho kilichonyooka. Cha kwetu ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote, lakini sisi tulikuwa wenyeji, hatukuwa na haya.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na katika vumbi lile la Kakuma alipiga viatu rangi kila siku ya Mungu. Kiingereza alijifunza ukubwani baada ya Kifaransa, na nadhani ndiyo maana alikipenda kwa namna ya pekee, kama mtu anavyompenda mtoto aliyempata uzeeni. Hakuwa anatupa neno jipya hivi hivi. Kwanza alikuwa analihoji ubaoni, sawasawa na wanavyohojiwa wakimbizi wanapoandikishwa: jina lako nani, umezaliwa wapi, umepitia nchi gani, umefika lini, una ndugu hapa? Darasa zima tulikuwa tunajibu kwa niaba ya neno, na yeye akitusahihisha. Wenzangu wengi walikuwa wamehojiwa hivyo kweli kweli, tena wakiwa wamebebwa mgongoni, na wao ndio waliokuwa wanacheka zaidi.

Mwaka ninaokusimulia mvua ilitukimbia. Baba alihamisha mbuzi kaskazini, pande za Kaikor, na kwa kuwa mikono ilikuwa haba nikaenda naye. Nilikosa muhula mzima. Siwezi kukuambia nilihuzunika, maana nilikunywa maziwa nilivyotaka na sikuona kiboko cha hesabu hata siku moja. Lakini nilianza kusahau. Nikiwa nyuma ya mbuzi nilijaribu kujisomea Kiingereza kichwani, na kila siku nikaona neno jingine limeondoka.

Tuliporudi Kakuma nikakuta shule inakaribia kufunga. Siku ya mwisho mwalimu mkuu alisimama mstarini, akatangaza kwamba wote waliokosa muhula, kwa ukame au kwa sababu nyingine, watakuja likizo nzima kwa "refresher", kisha watapewa mtihani. Asiyehudhuria hapandi darasa la saba. Akaeleza yote kwa Kiingereza, akashuka, na sisi tukaimba wimbo wa taifa.

Nyumbani kurudia darasa ilikuwa ni sawa na kuacha shule. Baba yangu mdogo alikwisha kusema waziwazi kwamba nikirudia narudi kwa mbuzi, na huko nikae. Na kulikuwa na watu wa Nakalale waliokuwa wameanza kuulizia habari zangu, wakitaja ng'ombe na ngamia wa mahari kama mzaha, ila wakiwataja kila wakija. Aliyekuwa amesimama kati yangu na watu hao ni nyanya. Yeye ndiye aliyetaka nisome. Hakusema kwa nini, na hatukumuuliza, lakini neno lake ndilo lililokuwa la mwisho pale nyumbani, hata kwa baba mdogo.

Basi jioni ile nikamwambia nyanya nimeitwa shule wakati wa likizo. Akaniuliza ninaitiwa nini. Nikamwambia "refresher". Akaniuliza ndiyo nini hiyo.

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Kwenye ukuta wa duka moja la Kakuma palikuwa pamechorwa tangazo la soda, chupa kubwa inayotoa jasho, juu yake neno "refresh", chini yake "burudika". Nilikuwa nimepita pale mara zisizo idadi nikiwa na kiu, nikalilinganisha neno na neno, nikaweka akilini. Kwa hiyo nikamjibu nyanya bila kusita, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma: ni masomo ya burudani.

Laiti ningemtafsiria kwa Kiturkana. Lakini neno hilo nililiacha kwa Kiswahili, na kwa bahati mbaya lilikuwa miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili ambayo nyanya aliyajua barabara. Karibu na njia yetu ya sokoni palikuwa na banda la video lenye spika iliyofungwa juu ya mlingoti. Kila alasiri kijana mmoja alikuwa analia humo kwa sauti ya kupasuka: "Burudani kamili! Burudani ndani ya nyumba!" Ndani palikuwa na giza, muziki, milipuko ya bunduki za kwenye picha, na wasichana wawili wa mtaa wetu waliokwenda humo kuburudika walirudi na mimba. Nyanya alikuwa akipita pale anatema mate upande ule.

Hakupiga kelele. Alifunika chungu cha mahindi na maharagwe, akasema mbuzi wamekonda, maji yako mbali, na mtoto wake haendi burudani. Nilipoanza kujieleza aliinua kiganja, na kiganja cha nyanya kikiinuka mazungumzo yamekwisha. Baba mdogo aliyekuwa ameketi kando alicheka kidogo puani. Nililala nikilia, na ukweli ni kwamba sikujua nimekosea wapi. Niliamini kabisa kwamba shule imeandaa burudani. Kilichoniuma ni kwamba wenzangu watakuwa darasa la saba na mimi Nakalale, kwa sababu ya sherehe ambayo hata sikuitaka.

Masomo yalianza bila mimi. Asubuhi tukiwa kisimani nilikuwa nawaona wenzangu kwa mbali wakivuka laga na madaftari kichwani, na nilikuwa nainama nisionekane. Nyanya aliona. Nadhani naye hakuwa na amani, maana siku hizo hata wimbo aliuimba nusunusu, na mbuzi walikuwa wanafika wakisitasita.

Halafu asubuhi moja nikaona viatu vinavyong'aa vinashuka kingo za laga.

"Ejok, mama," mwalimu akasalimu kwa Kiturkana, akilitamka neno kama anayejaribu kitu kisivunjike.

"Ejok nooi," nyanya akajibu, na akaendelea kutoa maji yaliyolala.

"Mama, mie nakuya juu ya huyu mutoto. Haonekanake ku masomo. Nilijiuliza, iko mugonjwa?"

Nyanya alitoka shimoni, akajifuta mikono, akasimama mbele yake. Kiswahili chake alikitoa mara chache, kama vyombo vya wageni. "Mwalimu," akasema, "burudani hapana. Mtoto yangu hapana enda burudani. Mbuzi iko."

Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Burudani gani?"

Ikabidi niseme. Nikamwambia kuhusu "refresher", kuhusu chupa ya soda ukutani, kuhusu banda la video. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani afute macho. Kisha akaona nyanya hacheki, akakata kicheko hapo hapo, akaivaa tena. Nilimpenda kwa hilo.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Haiko ya kucheza. Iko masomo kabisa. Hili neno banalionea bure."

Akakaa kwenye ukingo wa kisima, na mimi nikawa katikati, Kiswahili cha Kongo kikiingia na Kiturkana kikitoka. Nikikumbuka sasa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ukalimani, na sikulipwa. Nyanya alitaka kujua hilo neno ni la nani. Swali hilo lilimfurahisha mwalimu kiasi kwamba alisahau kuwa amekaa kwenye tope.

Akasema neno hilo ni mkimbizi kama yeye. Zamani sana lilizaliwa kwa watu wa kaskazini, makabila ya kale ya Wajerumani. Nyanya akauliza kaskazini ipi, kupita Kaikor? Nikamuuliza mwalimu. Mwalimu akasema ndiyo, mbali kupita Kaikor. Nyanya akaguna, maana kwake kupita Kaikor hakukuwa na kitu. Kutoka kwa watu hao, mwalimu akaendelea, ndugu wawili wa neno hilo waliachana. Mmoja alikwenda Uingereza, akaitwa "fresh", na kwa Waingereza wa kale maana yake ilikuwa maji yasiyo na chumvi. Yule mwingine aliingia kwa Wafaransa, wakamfundisha kumaanisha ubaridi, kile kibaridi kizuri cha asubuhi. Wafaransa wakamvika "re", yaani tena, akawa wa kurudishia kitu ubaridi wake. Halafu vita na wafalme vikambeba, akavuka maji akafika Uingereza, na huko akamkuta ndugu yake.

"Bakakaa pamoja mupaka leo," mwalimu akamaliza.

Nilitafsiri yote hayo nikitokwa na jasho. Nyanya alisikiliza kama anavyosikiliza habari za waliohama, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilipofika kwenye maji yasiyo na chumvi aliinua uso. Yeye alizaliwa karibu na ziwa, ambako maji ni mengi kuliko macho lakini ukiyanywa kiu inabaki, na aliijua thamani ya maji matamu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

"Kumbe hao watu walikuwa na mifugo," akasema.

Mwalimu aliposikia maana yake alipiga paja. Akasema hata hilo "burudani" nyanya asilichukie sana, maana nalo limetoka mbali, kwa Waarabu, na ukilichungulia ndani utaona baridi imejificha humo, baridi ile ile ya "maji baridi". Kabla sijafika mwisho wa tafsiri nikakumbuka mvulana wa darasani mwetu kutoka Juba, ambaye kila tukitoka mpirani alikuwa analilia maji kwa lugha yake, "moya barid, moya barid!" Nilikuwa nimelisikia neno hilo kila siku pasipo kujua kuwa ni la kwetu pia. Nilisimama pale lagani nikiwa nimeduwaa, furaha imenijaa kifuani, na hata leo nikikutana na neno la namna hiyo ile furaha inakuja.

Nyanya hakuwa na muda wa kuduwaa. Alikuwa anafikiri. Akaniambia nimuulize mwalimu kama anasema mjukuu wake amekuwa chumvi.

"Hapana, mama!" mwalimu akashtuka. Alitazama huku na huku akitafuta namna ya kusema, na macho yake yakaishia shimoni, kwenye maji tuliyokuwa tumeyatoa nusu. Akauliza yale ni ya nini. Nikamweleza: yamelala, tunayatoa, tunangoja mengine. Akaniuliza tena, tunafanya hivyo kila siku? Kila siku. Kisha akasema kwa sauti ya chini, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwetu, "Njo hii. Njo hii kabisa," yaani ndiyo hii.

Sikuhitaji kuyatafsiri hayo. Nyanya alikuwa ameshaelewa, na naliona jambo hilo usoni mwake hadi leo, ule mkunjo wa kati ya nyusi ukilegea. Nilikuwa nimelala muhula mzima. Kisima hakikuharibika. Kilitaka kutolewa tu.

Usidhani basi akasema nenda. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kushindwa kwa hadithi, hata nzuri. Alimwonyesha mwalimu mbuzi waliokuwa wamejaa kingo zote mbili, akamuuliza swali ambalo Wajerumani wa kale hawakuwa na jibu lake: nani atachota?

Mwalimu alivua viatu. Alivipanga vizuri juu ya mchanga, akaingiza soksi ndani, akakunja suruali na kushuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuona miguu yake, na ilikuwa na makovu. Kazi yenyewe hakuijua. Alimwagia wa katikati, ambaye ni mimi, maji kifuani, akakosa mdundo wa wimbo, akapigwa na bakuli puani. Mbuzi walimshangaa. Nyanya, aliyekuwa juu, alicheka mpaka akaketi chini, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ukame uanze.

Kesho yake alfajiri mwalimu alikuja na darasa zima la "refresher". Walikuja Wakongo, Warundi, yule wa Juba, na Waturkana wenzangu waliohama na mbuzi kama mimi, wote na madumu yao. Hapo inabidi ujue kwamba watu wa kambini hawakuwa wanafika kwenye visima vya lagani. Kulikuwa na maneno mengi kati yetu na wao kuhusu kuni na maji, mengine ya kweli, mengine ya kuongezewa chumvi. Majirani walisimama juu ya kingo wakingoja kuona nyanya atafanya nini. Nyanya aliwahesabu kwa macho, akawapanga. Wenye nguvu chini, wafupi katikati, waoga juu. Masharti yake yalikuwa mepesi: mbuzi kwanza, kisha kila mtu ajaze dumu lake aende nalo nyumbani. Maji ya mabomba ya kambini wakati huo yalikuwa ya moto na ya chumvi, na kwa dumu la maji yale matamu wale watoto wangechota hata kwa ngamia wa wilaya nzima.

Na masomo? Tulisoma pale pale. Kumbuka kuna muda wa kungoja, shimo likiwa tupu na ukuta ukitoa jasho. Muda ule ulionichosha maisha yangu yote ndio uliogeuka darasa. Mwalimu alikuwa anaandika mchangani kwa fimbo, sisi tumemzunguka, nyanya kwenye ukingo akitazama maji. Yakifika kimo chake alikuwa anapiga kofi moja, na hata kama mwalimu yuko katikati ya kitenzi tulikuwa tunaruka. Jua likikaza tulimalizia shuleni. Maneno yangu yakaanza kurudi, kwanza moja moja, halafu kwa makundi. Watoto wa nchi nyingine walijifunza wimbo wetu wa kisima, wakiutamka vibaya mno, na mbuzi mwishowe wakaukubali hivyo hivyo.

Mtihani niliufanya na nilifaulu, si kwa kishindo, ila nilifaulu. Nilikimbia kutoka shule mpaka lagani kumwambia nyanya. Aliniangalia, akachota maji kwa kiganja, akanimwagia kichwani, na akaniambia nichunge punda wasiingie shimoni. Jioni nilimsikia akimwambia baba mdogo kwamba watu wa Nakalale wakija tena waambiwe mtoto yuko darasa la saba. Baba mdogo alisema sawa.

Mwalimu alitufundisha mpaka nikamaliza shule ya msingi, na nikiwa sekondari ikapatikana nafasi yake ya kuhamia ng'ambo, nchi ya mbali ambayo nyanya aliiweka moja kwa moja kupita Kaikor. Alikuja kuaga. Kwetu joto ni ugonjwa na ugomvi, na mtu ukimpenda unamwombea ubaridi. Nyanya alimnyunyizia maji kwa mdomo kama wazee wanavyobariki, akamwombea apoe, nyayo zake zipoe, nyumba yake ipoe, watoto wake wapoe, na sisi tuliokuwa pale tukawa tunaitikia kila neno. Mwalimu alisimama ameinamisha kichwa, matone yakimdondoka kwenye miwani, na hakuyafuta.

Kisima hakipo tena. Mafuriko fulani yalikifukia, na ulipofika wakati wa kukichimba upya pakawa pamejengwa tangi juu ya kilima, lenye bomba na foleni. Silaumu. Wasichana wa siku hizi hawaendi shule mikono ikiwa imechubuka. Lakini wimbo wa familia yetu sijui nani anaujua leo isipokuwa mimi, na pengine Mrundi mmoja wa darasa letu lile, huko Kalobeyei, ambaye ana bodaboda na nikikutana naye hunipigia ubeti mmoja kwa honi. Kule kungojea maji pamoja, bila mtu kushika simu, huko kumekwenda kabisa. Hata nyanya amekwenda. Tulimzika kwao, karibu na ziwa.

Mwaka mmoja kabla hajafa nilipata cheti changu cha chuo, nikarudi Kakuma kumwonyesha. Tukiwa tumeketi nje simu yangu ikalia, namba ndefu ya ajabu. Alikuwa mwalimu, nami nikaweka spika nyanya asikie. Alikuwa amepata namba yangu kwa huyo Mrundi. Sauti ilikuwa ile ile, ila alikuwa anatetemeka. Akasema ametoka kufagia barafu mlangoni kwake, imefika magotini, na miguu haisikii.

"Ambia mama," akasema, "ile baraka yake ilinifika yote. Sasa apunguze kidogo."

Nilicheka nikashindwa kutafsiri. Nyanya hakungoja. Alininyang'anya simu, akaishika kichwa chini miguu juu, akaisogeza mbele ya mdomo, na akapiga kelele za kuvuka laga zote zilizoko kati ya Kakuma na nchi ile, kwa Kiswahili chake cha wageni:

"Mwalimu! Mtoto yako namaliza shule!"

Upande wa pili tukamsikia mwalimu anaita watu wa nyumbani kwake kwa Kifaransa, mmoja baada ya mwingine, waje wasikilize.